Barua Ndani ya Beseni

Mimi ni Katsuva mwenye kuuza mbao Nyakasanza, hapa Bunia, na kama haunijue, uliza tu mutu mwenye sauti yake inasikika mbele mashini ya kupasua mbao ianze. Bibi yangu Musoki anasema Mungu alinipa mudomo ya batu babili na sikio ya mutu moja. Sikatae. Basi siku yenye binti yetu Séphora alisema kwamba kuko musoda moja anataka kumuoa, kartie yote, mutaa muzima, ilijua jibu yangu mbele mutoto mwenyewe amalize kusema. Nilikataa kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa Kinande, juu asikuje kesho kuniambia hakuelewa.

Musifikiri ni chuki. Dada yangu mudogo Angélique aliolewa na musoda, bwana mupole, mutu ya maana, na alimufuata kambi kwa kambi miaka kumi na ine. Nilimutembelea mara moja tu. Nilimukuta chini ya bashe, ile plastiki ya kufunika mizigo ya kamiyo ao lori, imefungwa na kamba ku miti ine. Mvua ilikuwa inaingia upande moja na kutokea upande ingine. Alinipikia maragi amesimama, juu hakukuwa fasi kavu ya kukaa. Alicheka nami siku yote. Wakati ya kuagana ndiyo alinishika mukono na kusema, "Kaka, mi sitaki bitu mingi. Nataka tu mulango ya kufunga."

Leo bwana yake alishakufa, na yeye iko Kindu, analala kwa batu. Ile neno ya mulango haijatoka ku kichwa yangu. Na sasa Séphora, mutoto yenye nilimubeba ku mugongo wakati ya kukimbia vita, anataka kupita ku njia ile ile? Ningekufa kwanza.

Bwana arusi mwenyewe aliitwa Serja, ndiyo sajenti, Bruno, muzaliwa ya Lisala, kule mbali ku muto, na Kiswahili yake ilikuwa nusu Lingala. Pelotoni yake, kikosi kidogo ya basoda, ilikuwa inalinda njia ya Komanda. Kila mara batu yake banapata nafasi ya kupumzika Bunia, alikuja ku depo yangu ya mbao kuniomba bipande ya mbao yenye siuzi, juu basoda baweke chini ya magodoro, matope isibafikie. Hakuomba kwa nguvu. Aliomba, alishukuru, alibeba yeye mwenyewe mbele ya kubebesha badogo. Séphora ndiye alikuwa anaandika mbao yenye inaingia na yenye inatoka. Mi nilifikiri huyu Serja anapenda mbao. Kumbe nilikuwa muzee mujinga.

Basi nyumbani ilikuwa vita ya kimya. Séphora alikuwa ananipa bugali bila kunitazama. Musoki alikuwa anaweka chumvi ku sahani ya kila mutu isipokuwa yangu. Majuma matatu nilikula hivyo, mi mwenye nyumba. Mwisho nilichoka, na akili mbaya ilinijia.

Kwetu Banande, mbele ya kutoa binti, jamaa ya muke inaandika karatasi ya bitu yenye jamaa ya mume inapashwa kuleta. Hapa muji tunaiita fakture. Niliandika yangu na herufi kubwa: mbuzi kumi na mbili, kostime ao suti ya baba, bikwembe ao vitenge ya mama, blanketi ya nyanya, beseni ya chumvi, jembe moja. Na chini kabisa, pale batu banaweka sinyatire, ndiyo saini, niliongeza: barua ya kuonyesha kwamba bwana ameacha jeshi. Nilijua muda yenye Bruno aliahidi jeshi ilikuwa imeisha mwaka ule. Angeomba kutoka, bangemuachilia.

Aliisoma amesimama katikati ya depo. Alifika ku mustari ya mwisho, alirudia kuisoma. Kisha aliikunja polepole na kuniambia, "Nimeelewa, baba." Alienda bila kuchukua bipande yake ya mbao. Mi nilirudi nyumbani nikiimba.

Ile juma, karibu na soko, mukubwa yao, mwanamuke, Kapiteni Hortense, alikuwa ameweka meza chini ya paraplui ao mwavuli, na bandera, na kitabu ya kuandika bijana benye banataka kuingia jeshi. Nilipita pale mara tatu kwa siku tatu. Mara ya kwanza kulikuwa kijana moja, anauliza fasi ya kucharji simu. Mara ya pili hakukuwa mutu. Mara ya tatu Kapiteni alikuwa anatoa mavumbi ku kitabu na mukono yake. Nilicheka, nakubali. Nilisema na moyo: unaona, hata bengine bameelewa. Batu balikuwa banasema basoda benyewe banakimbia, banaenda ku konje, ile ruhusa ya kupumzika, kuona bamama yao na habarudi.

Sasa Bruno alikuwa na shida ingine. Kwetu kijana hajipeleke kwa bakwe na miguu yake mbili na kusema niko hapa. Anapashwa kuwa na baba mukubwa ya kumusemea, shangazi ya kumuchungia heshima, bakaka ya kubeba mizigo. Na jamaa yake yote iko Lisala, safari yenye hata barua inachoka njiani. Nilijua hii vizuri. Nilijisemea: atakuja na barafiki babili, nitabarudisha ku mulango kwa adabu, na mambo imeisha.

Siku ya Posho, ndiyo Jumamosi, saa ine ya asubuhi, tulisikia nyimbo inatoka upande ya kambi.

Pelotoni yote ilikuwa imejigawanya jamaa. Ajida Tharcisse, musaidizi ya Kapiteni, mutu ya mvi, alikuwa baba mukubwa. Kapiteni Hortense mwenyewe alikuwa shangazi, amevaa kikwembe ya kijani na kitambaa ku kichwa, na kama haukumujua ungesema ni mama ya kwaya. Mupishi yao alikuwa mujomba. Bengine bote balikuwa bakaka. Batu makumi mbili na tatu pamoja na bwana arusi, bila kuhesabu shangazi, habakuvaa uniforme, lakini mashati ilikuwa imepigwa pasi mupaka inakata. Na desturi ni kitu nguvu: balijisahau na kutembea mistari mbili, kushoto, kulia, na mbuzi mbele. Ku mulango ya parsele, kiwanja yetu, Ajida alitoa amri, na basoda bote balisimama na kupiga muguu chini kwa pamoja. Mbuzi moja tu ndiye alikataa amri, aliingia moja kwa moja ku sombe ya Musoki, ile majani ya muhogo ya kupika. Musoki alicheka mupaka alikalia beseni ya maji.

Kaka yangu Aaron ndiye alikuwa musemaji yetu. Aliuliza kwa sauti ya heshima kama mbuzi yenye tuliomba imefika. Ajida Tharcisse aligonganisha visigino. "Mbuzi kumi na mbili," alijibu. "Bote beko hapa, hakuna mugonjwa, hakuna mutoro." Parsele yote ilicheka, na majirani nyuma ya lupango, ile ukuta ya kiwanja, balicheka zaidi. Niliona shangazi peke yake anaangalia chini, na sikuelewa juu ya nini.

Tulifanya mambo yote ya desturi. Tulitoa binti wa kwanza amefunikwa na kikwembe, ili Bruno aseme kama ndiye. Alikuwa mama yangu, nyanya ya Séphora, ya miaka makumi nane, anatembea kama bibi arusi na kutikisa mabega. Basoda balimukataa kwa heshima na balilipa faini ya wimbo. Tulitoa wa pili, balilipa wimbo ingine, ya Lingala, na safari hii bamama ya kartie baliingia kucheza bila kualikwa. Wakati Séphora alitoka na kufunuliwa, Bruno alisahau hata kusema ndiye. Ajida alimupiga kiwiko. Mi nilikuwa nakaza uso, lakini miguu yangu chini ya kiti ilikuwa inacheza, na Musoki aliiona.

Kisha Aaron alifungua fakture. Kila kitu yenye alisoma, basoda balileta, na kila mara Ajida alieleza kwamba bote balikotiza, ndiyo kusema kila mutu alichanga sehemu yake. Kostime ya baba: bote. Blanketi: bote, hata mwenye alikuwa zamu ku barrière, ile kizuizi ya njia, alituma sehemu yake. Jembe iliwekwa mbele yangu, chumvi iliwekwa ndani ya beseni mupya. Aaron alifika ku mustari ya mwisho na alikohoa. Alinitazama. Nilimufanyia ishara asome.

Alisoma. Batu bote baligeuka kumuangalia Bruno.

Bruno alisimama, alitoa anveloppe, ndiyo bahasha, ku mufuko ya shati, aliiweka juu ya chumvi. Nilikuwa nimeshinda, na mutu mwenye ameshinda anapashwa kufurahi. Nilinyoosha mukono kuichukua.

Mbele niifikie, kaporali moja mufupi, ule mwenye alibeba jembe, alisimama na kuweka anveloppe yake juu ya ile. Nyuma yake mupishi. Nyuma yake mwingine. Balikuja kwa mustari, bila mutu kubaamuru, kila moja na karatasi yake, bengine habakuwa na anveloppe, balikunja tu ukurasa ya kaye, ile daftari ya masomo. Wa mwisho alikuwa Ajida Tharcisse. Beseni ilijaa.

Nilimuuliza ni nini hii.

"Baba," Ajida alijibu, "jamaa ikiombwa kitu, jamaa yote inakotiza. Uliomba mbuzi, tulikotiza mbuzi. Uliomba barua ya kuacha jeshi. Tumekotiza."

Mungu wangu. Nimeuza mbao miaka makumi tatu, nimegombana na bashofere, na bapolisi, na pasta, lakini malipo kama ile sikuwa nimeona. Nilihesabu karatasi na kidole: makumi mbili na tatu.

Kapiteni Hortense alikuwa amesimama. Ilionekana wazi kwamba habakumuambia. Alichukua barua ya juu, aliisoma, aliirudisha. Aliangalia batu yake moja moja, na bale batu benye habaogope risasi baliangalia viatu yao. Nilifikiri atapiga kelele. Alikuja kukaa mbele yangu, kama shangazi anakaa mbele ya mukwe, na alisema polepole.

"Papa Katsuva, hii karatasi haina nguvu ku biro ya jeshi. Hawa muda yao haijaisha, na bao benyewe banajua. Lakini mi nimeelewa. Nilikaa siku tatu ku soko na kitabu yangu, sikupata mutu hata moja, uliniona. Hawa benye niko nao balibaki juu ya Bruno. Yeye ndiye anajua mama ya nani iko mugonjwa, nani hajalala, nani anaogopa. Akitoka, habatatoka leo. Batatoka moja moja ku konje. Mi mwenyewe niliandika barua yangu mara tatu, na mara tatu niliichana juu ya hawa."

Nilimuita Bruno. Nilimuuliza mbele ya batu bote kama yeye anataka kuacha jeshi.

"Hapana, baba," alisema. "Lakini Séphora ninamutaka zaidi."

Séphora alianza kulia. Mi nilibeba ile beseni, chumvi, barua na yote, niliingia nayo ndani ya nyumba na kufunga mulango. Nilikuwa na hasira, lakini sikujua ni hasira ya nani. Nilifikiria njia ya Komanda, kamiyo yenye inaniletea mbao kila juma, na mara ngapi nilisema ni juu ya akili yangu ndiyo inafika. Nani atakaa pale juma inayokuja? Barua makumi mbili na tatu? Musoki aliingia nyuma yangu. Nilimuambia haraka, mbele aanze, kwamba sikatae huyu kijana, kwamba ni Angélique, kwamba anajua vizuri ni Angélique.

"Najua," alisema. "Lakini Angélique hakulia juu ya uniforme, Katsuva. Alilia juu ya bashe. Na weye unauza mbao."

Alitoka na kuniacha pale. Nawaapia, nilisikia haya mupaka ku masikio. Miaka yote ile, dada yangu aliniomba mulango, na mi mwenye depo imejaa milango nilimupa machozi.

Nilirudi inje na beseni. Batu bote balisimama. Nilisema kwamba katika nyumba yetu bakwe habarudi mikono mitupu. Katika bitu yenye balileta, tunatoa kitu moja na kubarudishia, iwe ya njia. Kawaida ni mbuzi. Leo mbuzi zinabaki, nilisema, hasa ule mwenye alikula sombe. Kisha nilianza kusoma majina ku barua, na kila musoda nilimuita kuja kuchukua yake ku mukono yangu. Nilitoa chumvi juu ya kila karatasi. Ajida Tharcisse alipokea yake na mikono mbili. Bruno alikuja wa mwisho, nilimupa yake, kisha nilichukua kalamu na fakture na kufuta mustari ya chini mbele ya macho yake.

Fasi yake niliandika: nyumba ya mbao ndani ya kambi, na mulango yenye kufunga.

"Mbao ni yangu," niliwaambia. "Mikono ni yenu. Nipeni nyumba, mupate binti."

Ah, kelele yenye ilifuata siwezi kuieleza. Bamama balipiga vigelegele, basoda balimubeba Bruno, kisha balinibeba mimi na kiti yangu, na mi niko mutu muzito. Kapiteni Hortense alicheza mupaka kitambaa yake ilianguka, na ndipo tuliona ana kicheko kubwa kuliko cheo yake. Mama yangu aliuliza kama kuko mwingine bado hajaoa.

Tulijenga siku ya Posho tatu. Kamiyo yangu ilipeleka mbao ku kambi na nilipeleka mudomo yangu pia, juu basoda banajua bunduki lakini musumari banaukunja. Bijana ya Nyakasanza balikuja kwanza kucheka, kisha bachache balichukua nyundo kubaonyesha, kisha balizoea. Nyumba ya kwanza ilipofika mabati, bibi ya kaporali mufupi alikuja kunisalimia kwa heshima mingi sana, nikajua ni nini. Tulianza ya pili, na ya tatu. Bauza mbao bengine balisikia haya kama mimi na balileta, bamoja mbao nzuri, bengine ile yenye mende ilianza kula, lakini balileta.

Kapiteni alirudisha meza yake, safari hii mbele ya depo yangu. Habakuja mia. Balikuja saba, na moja Musoki alimurudisha kwao na fimbo juu alikuwa anakimbia ekzame ya masomo. Lakini sita ni sita, na kule ku soko kitabu ilipata mavumbi tu. Na ku konje ya mwezi ule, Kapiteni aliniambia, bote balirudi. Moja alirudi siku moja mbele, juu alitaka kumaliza dirisha yake.

Mbele ya arusi nilimuita Angélique kutoka Kindu. Shangazi ya bibi arusi hawezi kukosa. Alifika mwembamba, na sanduku moja, na nilimupeleka kambi moja kwa moja ili aone nyumba ya Séphora. Pelotoni yote ilikuwa pale, inapaka rangi. Angélique alizunguka nyumba polepole, alipiga mbao na kidole, aliingia peke yake. Tulisikia mulango inafungwa na komeo inaingia. Kisha ilifunguliwa. Kisha ilifungwa tena. Bruno aliniuliza kama kuko shida, nilimuambia amuache. Alifunga na kufungua mara tano ao sita, na siye bote inje tuliacha kupaka rangi, burashi ku mikono.

Alipotoka alikuwa anacheka na kulia pamoja. Alimuambia Séphora iko na bahati. Ndipo Ajida Tharcisse alitoka ku mustari, alisimama wima mbele yake na kumupa ufunguo yenye kamba nyekundu. Alimuonyesha ile nyumba ya ine, ndogo, pembeni ya mwisho, yenye mi nilifikiri ni stoo ya bibombo, ile makopo ya rangi.

"Mama, ile ni ya kwako," alisema. "Séphora alituambia juu yako. Bwana yako alikuwa wa kwetu. Tulikotiza."

Angélique aligeuza ufunguo ku kiganja. Aliuliza na sauti ndogo kama mulango inafunga kwa ndani. Ajida aligonganisha visigino na kumujibu kwamba inafunga, amejaribu yeye mwenyewe.

Mi nilitaka kusema kitu. Musoki aliniangalia, Séphora aliniangalia, pelotoni yote iligeuka kuningojea. Nilifungua mudomo yangu ya batu babili, na hakuna neno hata moja ilitoka.